Mshono wa Vitovu

Jambo la kwanza alilofanya Eusebia alipoliona lile tundu nyuma ya jiko lake lilikuwa kulifunika kwa sufuria. La pili lilikuwa kumpigia simu dada yake.

"Gaude, njoo nyumbani."

"Niko kazini, Seba. Nina gundi motoni, nikiiacha inaganda."

"Iache igande. Utando umetoboka."

Gaudensia akacheka. Alikuwa mmoja wa mafundi walioupika Utando, na alijua yote uliyokwisha kuyashinda. Vijana wa Lupembele walikuwa wameujaribu kwa misumeno, kwa moto wa kuchomelea vyuma, kwa tindikali ya betri. Fundi mmoja wa gereji alileta keekee yenye ncha ya almasi, akapiga magoti tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akaondoka na ncha butu na aibu yake. Pale alipokuwa akitoboa hapakuonekana hata mkwaruzo.

"Umetobolewa na nini?"

"Ningejua ningekuita wewe? Ningeita waandishi wa habari."

Simu ikakatika. Gaudensia akazima jiko la maabara, akapanda pikipiki.

Njia yote ilikuwa Utando mtupu: mweusi wa kijivu, wenye mng'ao wa penseli iliyosuguliwa, umetandazwa kuanzia ngazi za kanisa hadi mguuni mwa mlima. Nyumba zilisimama juu yake. Mvua iliponyesha, maji yaliteleza hadi kwenye matangi bila kugusa ardhi. Mipapai na migomba ilikua kwenye mapipa, katika udongo ulioletwa kwa malori kutoka mbali. Na chini ya hayo yote, limefungiwa kama mbwa mkali, lilikuwa tope.

Wachimbaji wa kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea betri, walikuwa wameyasafisha kwa tindikali miaka na miaka, wakamwaga masalia kila bondeni, mlima ulipokwisha utamu wakaondoka. Kiangazi tope lilikauka likawa vumbi, na vumbi likaingia vifuani. Baba yao Gaudensia na Eusebia alikohoa mpaka akakohoa damu. Ndiyo sababu Gaudensia alipomaliza stashahada yake ya kemia hakutafuta kazi mjini. Alirudi kulifunika lile lililomuua baba yake.

Na lilifunikwa, hakuna wa kubisha. Tangu Utando umwagwe, wodi ya vifua pale zahanati ilikuwa imegeuzwa stoo ya viti.

Alimkuta Eusebia nyuma ya mgahawa wake wa nyama ya mbuzi, mguu mmoja umeikanyaga sufuria, kama mtu aliyemtega panya.

"Toa mguu, Seba."

"Usinisukume."

Sufuria ikainuliwa. Tundu lilikuwa na ukubwa wa sahani. Kingo zake zilikuwa zimelegea, zimejikunja kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Na ndani, wazi kabisa, palikuwa na udongo. Udongo mwekundu wa Lupembele. Mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, ulikuwa umepita katikati yake. Harufu ikampanda Gaudensia puani, harufu ya mihogo inayochimbuliwa, akatambua kwamba alikuwa ameisahau.

"Nani mwingine ameliona?"

Eusebia aligeuza macho kwenye mlango wa jiko. Pale alisimama binti yake mkubwa, Redempta, mkono wa kulia umeviringishwa khanga mpaka begani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nionyeshe huo mkono."

Khanga ikafunguliwa taratibu. Kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko ngozi ilikuwa imeumuka malengelenge.

"Nilitaka kuushika tu," Redempta alisema. Alikuwa akijikaza asilie. "Udongo wa kwenye pipa una joto. Huu ni wa baridi. Sikujua kama ni wa baridi."

*

Shirika la Utando lilileta bamba la chuma likalifunika tundu, likaweka na mlinzi. Gaudensia alikata kipande cha ukingo uliolegea, akakipeleka maabara, akakiweka chini ya hadubini. Injinia Apolinari, mkuu wa Shirika, alisimama nyuma ya kiti chake akipumua kwa nguvu. Ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye pia aliyekuwa na nywele nyeusi walipoanza.

Watoto wa shule walipokuja kutembelea maabara, Gaudensia hakuwachorea michoro ubaoni. Aliwasimamisha. "Shikaneni mikono, mstari mmoja mrefu," aliwaambia. "Nyinyi sasa ni polima. Kila mmoja ni kipande kidogo, lakini mkishikana mnakuwa mnyororo. Ndoo ya plastiki ni minyororo kama hii, mingi, imelala pamoja kama nywele ambazo hazijasukwa. Ukiipasha moto, minyororo inateleza, ndoo inalegea." Kisha aliwapanga upya. "Sasa kila mtu ana mikono mitatu, anashika wenzake watatu, mnakuwa shuka. Shuka juu ya shuka. Hiyo ni kinywe. Ndani ya shuka mmeshikana barabara, lakini shuka na shuka hazijashikana, zinateleza, ndiyo maana penseli inaandika. Mkiwa na mikono minne, mkashika wa mbele, wa nyuma, wa juu na wa chini, mmekuwa almasi, na hapo hakuna wa kuteleza."

Utando ulikuwa umechukua shuka za kinywe cha mlima uleule, ukazishona kwa minyororo ya gundi, kisha ukaifunga minyororo yenyewe kwa yenyewe, kushoto na kulia, mpaka hakukuwa tena na mwanzo wala mwisho. Moto haukuulegeza kwa sababu hapakuwa na mnyororo uliokuwa huru kuteleza. Mji mzima wa Lupembele ulikuwa unatembea, unapika na kulala juu ya molekuli moja.

Mtoto mmoja, amebanwa katikati ya wenzake, aliwahi kuuliza, "Sasa mwalimu, nikitaka kwenda chooni?" Darasa zima likacheka. Gaudensia naye alicheka.

Leo hakucheka. Kwenye ukingo wa kile kipande palikuwa na kitu ambacho hawakukipika wao.

"Ni protini," alisema.

"Protini gani?"

"Ya mnyama. Au ya mtu. Gundi yetu ikiwa bado mbichi inadaka chochote chenye naitrojeni ya kushikika, unajua. Imeidaka hii, ikaifanya sehemu ya mshono, pale kipande cha Utando kinapoungwa na kingine. Ilipoganda, protini imeganda nayo. Halafu kuna kitu kimekuja kuikata."

Injinia Apolinari akavuta kiti, akakaa. "Yaani unaniambia ndani ya Utando wangu kuna nyama."

"Nakuambia ndani ya Utando wetu kuna kifungo ambacho kinafunguka."

*

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa, Eusebia alikuwa amekaa kwenye kigoda, Redempta amekaa chini katikati ya magoti yake, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Eusebia alikuwa akimfumua mabutu. Kila butu lilipofumuliwa nywele zilisimama wima kama zimeshtuka.

"Seba," Gaudensia alisema, "pale nyuma huwa unamwaga nini?"

"Maji. Kuna mtu asiyemwaga maji?"

"Maji ya nini?"

"Ya nyama. Mbuzi wa siku hizi ni wagumu kama soli ya kiatu. Nawapaka utomvu wa papai, nawafunga kwenye majani yake, wakilala humo wanalainika wenyewe. Asubuhi nawaosha, namwaga. Kosa?"

Gaudensia alijiinamia, akashika kichwa. Kila jiko la Lupembele lilijua kazi ya papai. Naye alijua jina lake la darasani: kimeng'enya, kitu kinachopita juu ya mnyororo wa protini na kuukata kiungo kwa kiungo, kama mtu anayekata bamia. Kisingeweza kuugusa Utando hata kingemwagwa pipa zima. Lakini pale ambapo Utando wenyewe ulikuwa umemeza protini, ulikuwa umemeza na mlango wake.

"Si kosa," alisema. "Nataka kujua kingine. Nyama iliingiaje kwenye mshono? Mshono ule nilikuwepo ukimwagwa."

Vidole vya Eusebia vikasimama kichwani mwa mtoto.

"Seba."

"Ulikuwepo, ndiyo. Ukaniambia nisisogee, gundi inaunguza. Ulipogeuka nikasogea." Akainua kidevu. "Redempta alikuwa mchanga. Kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimedondoka, nimekifunga kwenye pindo la khanga. Nyumba zote zimeshamwagiwa, bado ule mstari tu kati ya kipande na kipande. Nikajiuliza, mwanangu nitamzikia wapi kitovu? Juu ya hili dude? Nikakichomeka kwa kidole. Kidole kiliungua, mpaka leo hakiachi alama ya kidole."

Alinyosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ncha yake ilikuwa laini kama kijiko.

Lupembele kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na hapo ndipo mtu anapopaita kwao. Ukimuuliza Mlupembele kwao wapi, hakutajii mji. Anakutajia mgomba. Hilo Gaudensia alilijua tangu akiwa mdogo. Lililompita ni kwamba siku ile alipokuwa akisoma mita zake na kupima joto la gundi, nyuma ya mgongo wake watu walikuwa wanazika.

"Wewe peke yako?"

Eusebia akacheka kicheko kifupi. "Peke yangu? Kila mwenye kitovu mkononi. Mtaa mzima. Tulipanga foleni kama tunakwenda komunyo, na wewe hukugeuka hata mara moja."

"Na waliozaliwa baadaye?"

Eusebia alielekeza macho juu ya mlango wa jiko. Palitundikwa viberiti vitatu, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake. Ndani ya kila kimoja palikuwa na kitovu kilichokauka kinachosubiri ardhi.

"Mimi angalau kwetu ni pale kwenye tundu," Redempta alisema kutoka magotini mwa mama yake. "Wadogo zangu ukiwauliza kwao wapi, wanasema bado."

*

Kwa wiki kadhaa Gaudensia alijifungia maabara. Aliomba kwa Eusebia supu ya makongoro, ile nzito inayoganda ikipoa, akaichuja akapata protini yake safi, akaichanganya na gundi, akaunganisha vipande viwili vya Utando. Ilipoganda akaipiga nyundo. Nyundo ikaruka. Akaichoma moto, ikakaa kimya. Akaipaka utomvu mbichi wa papai, akafunika kwa kitambaa kilicholoweshwa. Saa za mchana zilipokwisha, aliinua kipande kimoja kwa vidole viwili, kikaja.

Alichukua pia udongo wa kwenye tundu, akaupima, akaurudia. Kisha akamwita Injinia Apolinari, akamweleza vitovu, papai na makongoro.

"Tindikali imepungua," alimwambia. "Si kidogo. Imepungua sana. Ule mzizi haukufika pale kwa bahati."

"Imekwisha?"

"Haijaisha. Ukiushika utakuunguza. Redempta ni shahidi."

"Itaisha lini?"

"Sijui. Pengine wajukuu wa Redempta watalima hapa."

Injinia alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda. "Basi tunawalinda mpaka hapo. Jumamosi tunamwaga Utando wa Pili juu ya huu, mji mzima, mishono yote. Safi, bila kitovu, bila makongoro. Utaupika wewe."

"Na wajukuu wakifika, wataufungua kwa nini?"

"Watakuwa na akili kuliko sisi. Watapata njia."

"Yaani tuwazibie mlango, halafu tuwaombee akili."

Injinia Apolinari aliivua miwani yake. Bila miwani alionekana mzee, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliwazika wadogo zangu wawili kwa vumbi lile, Gaude. Mdogo kabisa alikuwa anaogopa kulala chali kwa sababu kifua kilimbana, basi alilala amekaa, nimemwegemeza mimi. Usinifundishe habari za milango. Ukimwambia mtu mmoja kwamba papai linafungua Utando, kesho kuna mlevi ataufungua kwa kubishana na mwenzake. Keshokutwa kuna mama ataufungua azike kitovu. Na mtoto mwingine atatia mkono. Umeuona ule mkono?"

"Nimeuona."

"Basi?"

Lililomuuma Gaudensia ni kwamba Injinia hakuwa mwongo.

"Jumapili kuna Baraza," Injinia aliendelea, sauti imeshuka. "Unajua sheria. Anayeuharibu Utando anahama mji, yeye na watoto wake. Nimezungumza na mwenyekiti, Mama Perpetua. Wewe utasema mshono ule ulikosewa na wewe, kazini, bahati mbaya. Utaomba radhi. Watu watakusamehe, wanakupenda. Eusebia atabaki na mgahawa wake. Habari za papai zinaishia humu ndani, mimi na wewe."

"Na nisipoomba?"

"Utaomba. Una mdogo mmoja tu."

Gaudensia aliporudi kwa Eusebia siku hiyo alimsimulia yote, neno kwa neno. Eusebia alikuwa akikata nyama. Alikata, akakata, kisu kikigonga ubao, mpaka ubao ukabaki mtupu.

"Wanihamishe wanipeleke wapi?" alisema hatimaye. "Huko nikiulizwa kwetu wapi niseme nini? Niseme kwetu ni chini ya bamba la chuma?" Akapangusa kisu kwenye aproni. "Dada, mimi sijui kemia. Nijibu moja. Ungekuwa na nyumba isiyo na mlango, ungeiita nyumba?"

"Ningeiita salama."

"Jela pia ni salama."

Gaudensia alimtazama mdogo wake. Kisha aliuliza kama kuna makongoro yamebaki.

*

Jumamosi Utando wa Pili ulimwagwa. Mashine zilipita mtaa kwa mtaa zikivuta shuka nyeusi nyuma yake, na mafundi walifuata wakijaza mishono, palepale juu ya mishono ya zamani, kutoka kwenye mapipa aliyoyapika Gaudensia kwa mkono wake. Safari hii hakusoma mita. Alitembea na mshono mwanzo hadi mwisho, akiwatazama watu usoni. Kwenye nyumba ya Eusebia alisimama mpaka bamba la chuma likaondolewa, tundu likafunikwa, gundi ikaganda. Injinia Apolinari alimpiga bega. "Kazi nzuri," alimwambia.

Jumapili, misa ilipokwisha, watu walijaa kwenye banda la soko. Waliokosa viti walikaa juu ya meza za nyanya. Mama Perpetua, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa tatu. Aliketi mbele, na Injinia kando yake. Eusebia alisimama nguzoni na wanawe. Bendeji ya Redempta ilikuwa imeondolewa. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imepona vibaya, yenye mabaka meupe na meusi, naye aliuacha wazi.

"Gaudensia, mwanangu," alianza Mama Perpetua, "hapa hatuna mengi. Tundu lilikuwepo, limezibwa. Mtoto aliumia, amepona. Wewe una neno lako fupi, uliseme, tukanywe chai."

"Ninalo, mama, ila si fupi."

Pakawa na kicheko. Injinia hakucheka.

"Mshono ule haukukosewa na mtu," Gaudensia alisema. "Mlizika vitovu vya watoto wenu ndani yake, wengi wenu mliomo humu, mama Redempta mmojawapo. Gundi ikavipokea. Na utomvu wa papai, uleule mnaolainishia nyama, ukavifungua."

Banda zima liliguna. Wanawake walitazamana, kisha wakatazama vidole vyao. Mmoja kule nyuma akasema, "Yesu na Maria, cha Kanisio changu kimo," na mwenzake akamfinya anyamaze.

"Gaude," Injinia Apolinari alisema kwa upole. "Kaa chini."

"Bado, Injinia. Utando mliomwagiwa jana nimeupika mimi. Shuka zake ni safi, hazipitishi kitu. Lakini kwenye kila mshono nimetia protini ya makongoro, makusudi, kwa mkono wangu. Kitovu kilikuwa donge, hii imetapakaa nyembamba, hivyo maji ya jikoni ya kupita tu hayatatosha kuufungua. Mlevi hataufungua kwa kubishana, maana ni lazima utomvu ubaki mbichi na ushikiliwe kwa kitambaa mchana kutwa, na mlevi hana subira hiyo. Lakini mji ukikubaliana kufungua, utafunguka. Mlango upo, na kuanzia leo kila mmoja wenu anajua ufunguo."

Kelele zilizofuata ziliwafanya njiwa wa kwenye paa wapae. Mzee Fulgensi, aliyekuwa na duka la vyuma, alipanda juu ya meza. Alikuwa amezika mtoto na mke kwa vumbi, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

"Umetuvua nguo!" alifoka. "Tulikuwa tumefunikwa, umetuvua! Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mzee Fulgensi."

"Basi unajifanya Mungu!"

"Hapana, mzee wangu. Aliyejifanya Mungu ni yule aliyetaka kufunga hata kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Mimi nimefunga, nimewapa ufunguo. Nyumba yako ina mlango, mzee. Usiku unalala wazi?"

"Nalala nimeufunga!"

"Kwa nini hukuuzibia matofali?"

Mzee Fulgensi akashuka mezani. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Injinia Apolinari alisimama. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza. "Redempta," aliita, "njoo hapa, mama." Redempta akaenda. Injinia akaushika ule mkono wenye mabaka, akauinua watu wauone. "Huu ni mlango mmoja, uliofunguka bila mtu kukusudia, kwa muda mfupi. Gaudensia ametuwekea mingine mji mzima. Na akasema kila mtu ajue. Atakapokuja mtoto mwenye mkono kama huu, au kifua kama cha mdogo wangu, nani atamjibu? Yeye?"

"Mimi," Gaudensia alisema. "Nitamjibu mimi. Na wewe, na huyu, na yule. Tutaulinda mlango kama watu wanavyolinda mlango. Tutakosea, ndiyo. Lakini molekuli haiwezi kutulindia watoto na kutuamulia kwetu ni wapi. Haina masikio. Udongo ukipona, haitasikia."

"Samahani," Redempta alisema ghafla. Alikuwa bado amesimama mbele, mkono umeshikwa juu. "Injinia, naomba mkono wangu."

Injinia alishtuka, akauachia. Redempta akaushusha, akarudi nguzoni alikosimama mama yake. Eusebia alikuwa ameshikilia vile viberiti vitatu, vimebanwa kifuani.

Mama Perpetua aligonga meza kwa kiganja. "Inatosha. Gaudensia, nisikilize. Utando wa Pili umeshaganda, hatuwezi kuutoa, na hilo ulilijua ulipoumwaga. Umetufanyia jambo bila kutuuliza."

"Kweli, mama."

"Unakiri."

"Nakiri. Wa kwanza pia hatukuwauliza. Huu nimewaambia."

"Baraza litakaa juu ya jambo la mdogo wako na juu ya kazi yako. Lakini mimi nakujua tangu unatambaa, na nakupa nafasi hapa, mbele ya watu. Sema neno moja, waombe radhi. Ukiomba, nitakusimamia mimi mwenyewe, na Eusebia hatahama. Usipoomba, sina pa kukushikia." Sauti yake ikalegea kidogo. "Neno moja tu, mwanangu. Halikuchubui mdomo."

Gaudensia alimtazama Eusebia. Eusebia alitoa kiberiti kimoja, chenye uzi wa kijani, cha kitindamimba wake, akakitia mkononi mwa Redempta, ule mkono wenye mabaka, akaufumbata kwa wake.

Gaudensia akaligeukia banda.

"Kwa mkono wa Redempta nimeshampa pole," alisema, "na nitampa tena kila nikiuona. Mtoto mwingine akiumia, nitakwenda kwao kwa miguu, nitakaa chini, nitampa pole na yeye. Kwa mlango, hapana. Amueni mnavyotaka. Mkinifukuza nitaondoka mchana, kila mtu ananiona. Lakini radhi siombi. Leo siombi, na kesho mkiniita tena sitaomba."